Sauti ya Nsajigwa

Kila asubuhi, wakulima wa parachichi wa Rungwe walipigiwa simu na marehemu. Wengi hawakujua. Walipokea, na sauti nzito ya kijana ikawaambia, "Mugonile! Kesho Alhamisi gari la parachichi litapita Lupepo saa mbili." Kisha ikakata.

Tulia alijua. Yeye na Nsajigwa walianzisha kampuni ile katika chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, Tukuyu mjini. Tulia aliandika programu, Nsajigwa akatoa sauti. Alirekodi maneno, moja moja: vijiji, siku, saa, bei. Kompyuta ndiyo iliyoyaunganisha kulingana na habari za siku. Kampuni wakaiita Mugonile, kwa ile salamu ya asubuhi ya Wanyakyusa. Halafu siku moja ya ukungu, bodaboda aliyopanda Nsajigwa iligongana na lori karibu na Kiwira. Walimzika kwao Lupepo, na kesho yake akawapigia wakulima kama kawaida, akawatangazia bei mpya.

Tulia alitaka kuibadilisha sauti ile. Fred, mtaalamu wa matangazo aliyemwita kutoka Mbeya, akamkataza.

"Watu hawaijui programu yako, wanaijua sauti," alisema. "Ukiizima, umejifuta. Tena siku hizi kompyuta inajifunza sauti ya mtu, inasema hata asiyowahi kusema."

Tulia akaiacha sauti iendelee. Wakulima waliongezeka, bango la kampuni likapakwa rangi mpya, naye akajikuta anaipita kompyuta ile kwa kunyata, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa.

Ndipo mama yake Nsajigwa, Mama Felista, alipomwita Lupepo. Hakuwa na mti hata mmoja wa parachichi, ila alikuwa amejiandikisha.

"Ananiamkia kila siku," alisema, simu ndogo ikiwa mapajani. "Namjibu, ndaga mwanangu. Namuuliza kama huko aliko kuna baridi. Yeye ananitajia bei ya parachichi." Akamshika Tulia mkono. "Wewe ndiye unayemtuma. Mwambie aniite mama. Mara moja tu."

Aliporudi mjini, Tulia aliifundisha kompyuta sauti ya Nsajigwa, kama Fred alivyosema. Ilikuwa mchana kweupe, mlango wazi, watu wakipita nje. Kompyuta ikasema: "Mama, nimefika salama."

Ilikuwa sauti yake kabisa. Tulia akainuka, akarudi nyuma hadi ukutani, akihofia kwamba kilichosema kitasema tena bila kuombwa. Alipoisogelea tena kompyuta, aliisogelea ili aifute sauti ile.

Jumapili akapanda tena Lupepo, mikono mitupu.

"Mama, neno hilo hakuwahi kulirekodi. Nililitengeneza, lakini siyo yeye."

Mama Felista akamjibu: "Tangu ajue kusema hakuniita mama. Alikuwa akinitania, akiniita Binti Amoni, kwa jina la baba yangu. Nilitamani kulisikia, lakini ungeniletea hilo 'mama', ningejua umeniletea kitu kingine." Machozi yakamlengalenga. "Mwache sasa apumzike, nami nilale."

Jumatatu wakulima walipigiwa na sauti nyembamba ya Tulia mwenyewe, yenye kutetemeka. Wengine walikata kabla haijamaliza. Muda si mrefu simu ya ofisini ikaita. Alikuwa mzee Ambindwile wa Kawetele.

"Yule kijana wetu wa asubuhi kaenda wapi?"

Tulia hakuwahi kumwambia mteja yeyote. "Alifariki, baba. Tangu masika."

"Masika? Mbona jana..." Kisha Tulia akamsikia akimwita mkewe kwa Kinyakyusa, na mama yule akaangua kilio cha msibani, kwa mtu ambaye hakupata kumwona.

"Pole sana, mwanangu," mzee alisema. "Tulikuwa tunamsikiliza tu, kumbe hatujamlilia."

Baada yake walipiga wengine, kutoka Kiwira, kutoka milimani. Tulia alizipokea simu zote. Kila mmoja alimjibu hivyo hivyo, alifariki, alifariki, mpaka yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia.