Vipande Tulivyochoma Langoni

Usikatae, umepita pale langoni. Jumapili iliyopita tu ulipita na mkeo, mmebeba mfuko wa karatasi wenye vishikio vya kamba. Mlikuwa mmetoka kununua viatu mahali ambapo zamani zilisimama mashine mia sita za kufuma. Uliwaona wazee wanne wamekaa kwenye ukingo wa lango na bango lao la kudai vyumba, nawe ukageuza shingo kuitazama dohani ya kiwanda cha zamani. Dohani ni nzuri, hakuna anayebisha. Wameivisha taa za rangi kama bibi harusi. Lakini dohani haikuwa na shida yoyote siku ile. Wenye shida walikuwa wale wazee.

Jifariji basi. Mzee aliyeshika bango, Atmaram Gurav, naye ni bingwa wa kugeuza shingo, na hadithi hii ni ya shingo yake.

Atmaram ana miaka sabini na mmoja. Alikuwa mfumaji katika Kiwanda cha Chandrakor, hapa hapa mtaani Parel, na tuseme ukweli, mfumaji mbovu. Kitambaa chake kilitoka na matundu ambayo msimamizi alikuwa akiyaweka jichoni, anachungulia, kisha anasema leo bahari imetulia. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Shule aliiacha darasa la nne kijijini kwao Konkan. Mengine alijisomea mwenyewe katika maktaba ya wafanyakazi, kitabu kimoja kwa wiki, kurasa ngumu akiziruka. Katika jengo letu, lile la orofa nne lenye familia moja kila chumba na vyoo mwisho wa korido, walimwita Hotuba. Hotuba akionekana anapanda ngazi za mbele, wenye haraka walishuka kwa ngazi za nyuma.

Mgomo mkubwa wa mwaka themanini na mbili ulipoanza, alidhani dunia nzima ilikuwa inamsubiri yeye apande jukwaani. Jukwaa lenyewe lilikuwa pipa la rangi. Mgomo ule haukuisha kwa ushindi wala kwa kushindwa. Uliisha kama sabuni inavyoisha, unaosha mikono siku moja unagundua hakuna kitu. Wengine walirudi kijijini, wengine wakawa walinzi wa milango ya watu, na wake zao wakawa wapishi, washonaji, watengenezaji wa chapati kavu za kuuza. Kiwanda kikafungwa, kikabomolewa, kikabaki dohani.

Kilichobaki kwa Atmaram ni kumbukumbu. Kila asubuhi ya mgomo alikuwa akiita majina langoni, jina na namba, na majina yale hayajamtoka mpaka leo. Mkewe Shevanti husema kichwa kile kinakumbuka namba za wanaume elfu na hakikumbuki kununua chumvi. Ndiyo maana ofisi ya nyumba ilipotangaza kwamba waliofanya kazi viwandani, au wajane wao, wataingizwa kwenye bahati nasibu ya kupewa vyumba vipya, Atmaram ndiye aliyewajazia fomu jengo zima. Hakuuliza mtu namba yake. Aliandika tu, kwa madaha, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo.

Na jina moja kutoka orofa yake likatoka. Vithoba Parab, idara ya kufuma, namba 2217. Marehemu. Mrithi ni mjane wake, Yashoda.

Ungetegemea shangwe. Yashoda alikuja mlangoni kwa Atmaram leo Alhamisi asubuhi na karatasi mkononi, akakataa kuketi, akakataa na chai. Jengo letu litabomolewa mvua zikiisha. Watoto hakujaliwa. Asipopata chumba hicho, kilichobaki kwake ni kibanda cha ng'ombe nyuma ya nyumba ya shemeji yake kijijini, na shemeji huyo alishamwambia kwamba ng'ombe bado wapo. Ofisi ilikuwa inataka kipande, ile kadi ya kazi ya rangi ya kahawia yenye picha, jina na namba. Kipande halisi. Mwisho Jumamosi saa sita mchana, baada ya hapo chumba kinakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha.

"Shemeji," alisema Yashoda, "kipande cha Vithoba unakijua kilipo."

Atmaram alikijua. Aligeuza shingo, akatazama nje dirishani.

Ilikuwa siku ya arobaini na tatu ya mgomo. Wenye kiwanda walikuwa wametangaza kwamba atakayerudi kazini aonyeshe kipande langoni, ataingia bila kuulizwa neno. Watu walikuwa wanakula mkate wa mtama na dagaa wakavu mara moja kwa siku, na Atmaram aliona macho yao yameanza kulitazama lango vibaya. Akapanda kwenye pipa lake. Akasema mtu mwenye kipande mfukoni ana mlango wa nyuma, na sisi leo tunaziba milango yote ya nyuma. Moto ukawashwa. Tulipanga foleni, wanaume mia mbili na kitu, tukitupa mmoja mmoja, na wanawake kwenye vibaraza wakipiga makofi. Angalia akili zetu. Tajiri alikuwa anatafuta njia ya kusema hatujawahi kumfanyia kazi, tukamwashia na kiberiti.

Vithoba Parab alikuwa mfumaji bora kuliko wote, mtu wa maneno machache, na mashine yake ilikuwa jirani na ya Atmaram. Mara ngapi aliacha kazi yake akaja kuunga nyuzi zilizokatika za Hotuba, hakuna anayejua. Alipofika kwenye moto alisimama, akauliza kwa sauti ya chini, "Atmaram, una hakika?" Atmaram akamjibu kwamba ana hakika kama anavyoliona jua. Vithoba akatupa.

Basi asubuhi ya leo Atmaram alimwambia Yashoda asiwe na wasiwasi, akavaa kofia yake nyeupe, akaenda ofisi ya nyumba akitegemea kichwa chake. Kwenye dirisha namba tatu alikaa karani msichana, mstaarabu, mwenye mafua. Atmaram akamsomea: 2215, Laxman Khot. 2216, yeye mwenyewe. 2217, Vithoba Parab, mashine ya nne mstari wa saba, aliingia kazini siku moja baada ya sikukuu ya Ganesh. Alikuwa anaelekea 2230 karani alipomkatiza.

"Mzee wangu, ninachobandika kwenye faili ni karatasi. Kichwa chako hakiingii kwenye faili."

Atmaram akauliza kuhusu vitabu vya kiwanda. Vililowa na mvua vikatupwa, ndivyo wenyewe walivyoandika. Akauliza kama hakuna njia nyingine. Karani akapenga kamasi, akafungua kanuni, akasema ipo moja. Wafanyakazi wawili wa idara ile ile, kila mmoja na kipande chake halisi mkononi, waje hapa dirishani waape kwamba walifanya kazi na marehemu, watie saini. Wawili, si mmoja.

"Wa Chandrakor mna sifa ya ajabu hapa ofisini," karani aliongeza. "Viwanda vingine wanaleta vipande vimeliwa na mende, vimechanika, lakini wanaleta. Ninyi hata mmoja."

Atmaram alirudi kwa miguu ili safari iwe ndefu. Kwa sababu lipo jambo ambalo hotuba elfu moja hazikuwahi kuligusa. Yeye mwenyewe hakuchoma.

Usiku wa kuamkia moto ule alikuwa amejiambia kwamba kiongozi lazima abaki na kipande kimoja, kwa ajili ya historia. Neno zuri, historia. Aliyekitaka kibaki ni woga, historia ilisingiziwa. Kadi aliyoiinua juu, akaibusu mbele ya umati na kuitupa motoni, ilikuwa kadi yake ya maktaba. Rangi ile ile ya kahawia, ukubwa ule ule. Kwa hiyo mwaka mzima uliofuata hakuazima kitabu, na hiyo ndiyo dhabihu pekee aliyoitoa kwa ajili ya tabaka la wafanyakazi. Mpiga picha wa gazeti alimnasa papo hapo, mkono juu ya ndimi za moto, uso kama wa nabii. Ukurasa ule ameutia kwenye fremu, upo ukutani pake mpaka leo. Na nyuma ya picha ile, kati ya gazeti na ubao, ndiko alikokificha kipande namba 2216.

Alimkuta Shevanti anachambua mchele. Alizunguka chumba mara mbili, na chumba chenyewe unakizunguka kwa hatua tisa. Akaanza kueleza habari za kanuni, za mashahidi wawili, za ugumu wa kumpata mtu ambaye kwa bahati fulani, pengine kwa kusahau, hakukitupa kipande chake siku ile.

Shevanti hakuinua kichwa. "Ishushe hiyo picha, baba."

Atmaram akageuza shingo tena.

"Miaka thelathini na nne naifuta vumbi," alisema Shevanti. "Ulidhani mimi sioni ubao umetuna? Siku ya kwanza kukiona nililia. Siku ya pili nikasema, basi, siku moja kitamfaa mtu. Wewe ulikuwa unangoja nini, sijui."

"Nikikitoa, watu wataniona mimi ni nani."

"Wanakuita Hotuba, Atmaram. Unadhani wanakuonaje?"

Palikuwa hapajafika saa nane mchana. Alichukua bisibisi, akafungua fremu. Kijana mwenye masharubu meusi akamtazama kutoka kwenye kadi kama mtu aliyefungiwa chooni miaka thelathini na nne na sasa anataka maelezo. Akapita kumchukua Yashoda, wakaenda pamoja ofisini.

Kwenye benchi za ofisi walikuwepo wazee saba wa Chandrakor, wale wale wa bango na wengine, wamekuja kufuatilia majina yao. Mahadev Tawde alikuwepo, mfumaji mwenzake wa mstari wa saba, mwenye ulimi wa wembe. Tawde akatangaza kwamba Hotuba amefika, wenye mioyo dhaifu watoke. Watu wakacheka. Atmaram akaenda moja kwa moja dirishani, akaweka kadi ya kahawia mezani.

Kicheko kilikatika kama uzi wake mwenyewe.

Karani aliigeuza kadi, akalinganisha picha na uso, akauliza masharubu yamekwenda wapi. Atmaram akaapa, akatia saini, jina lote, kwa mwandiko wa mtu anayesaini hati ya kukamatwa. Kisha akageuka.

Tawde alikuwa amesimama. "Si ulikichoma wewe. Tulikuona."

"Mliona kadi ya maktaba."

Mtu mmoja nyuma akatema neno ambalo halifai kuandikwa, na lilikuwa neno sahihi. Tawde alisema wapo watu waliorudi vijijini kufa kwa sababu ya mkono ule pichani. Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. Atmaram alimtazama Yashoda, ambaye kwa miaka yote amekuwa akimpelekea chai wakati wa mikutano. Yashoda alikuwa anaitazama saini kwenye fomu, akiigusa kwa kidole kama kitambaa kipya.

"Vithoba alijua," alisema Yashoda. "Aliniambia usiku ule ule. Alisema, kadi ya Atmaram ilikuwa na muhuri wa maktaba, niliuona ikiungua. Nikamuuliza, sasa wewe mbona ulitupa ya kweli? Akasema, nilishasimama kwenye foleni."

Mzee Hotuba, mtu wa maneno elfu, akavua kofia. Alikaa chini kwenye benchi kofia yake ikiwa magotini.

Karani akapenga tena. Akasema saini moja imepatikana, bado moja. Ndipo Atmaram akakumbuka kitu kingine, maana kumbukumbu ile haina huruma hata na mwenyewe. Asubuhi baada ya moto ule alikuwa amekwenda kuzoa majivu. Alitegemea kuona majivu ya vipande mia mbili na kitu, vyenye muhuri wa kiwanda. Humo alikuta nusu ya tiketi ya sinema. Alikuta pembe ya karatasi ya daktari. Alikuta tiketi za mieleka, kadi ya chama cha bendi, na picha ya mtakatifu imeungua miguu tu. Alizoa vyote haraka, akavizika, asimwambie mtu, kwa sababu anayeishi nyumba ya kioo chembamba namna ile hawezi kuokota jiwe. Alikuwa ameongoza jeshi la waongo wenzake, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Aliwaeleza haya pale kwenye benchi, kwa sauti ndogo, kwa sentensi chache kuliko zote alizowahi kutumia maishani. Majina hakuyataja, ingawa karatasi ya daktari ilikuwa na jina. Tawde alitazama dari. Dari ya ofisi ile haina kitu, rangi imebabuka, lakini aliitazama muda mrefu sana, kisha akasema ana wajukuu wa kuwachukua shuleni, akaondoka.

Tazama basi tulipofika. Saini moja ipo, ya mfumaji mbovu kuliko wote. Inahitajika moja.

Wewe. Ndiyo, wewe wa mfuko wa viatu. Kama ulifuma Chandrakor, unajua ulichotupa motoni siku ile, na unajua ambacho hukutupa. Kama ni baba yako aliyefuma, au mkweo, inuka sasa hivi. Fungua sanduku lake la bati. Toa karatasi zilizotandikwa chini ya shuka. Shusha picha ukutani, zote, hata ya miungu, uangalie nyuma. Hakuna atakayekucheka, wa kuchekwa tumeshampata, amekaa pale na kofia magotini. Kama baba yu hai, mshike mkono umlete. Ni dirisha namba tatu, kesho kutwa Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Kwenye benchi utamkuta mwanamke mwenye karatasi mkononi, anaitwa Yashoda Parab. Safari hii usiangalie dohani. Mwambie umekuja kutia saini.