Njia Iliyoingia Jikoni

Jumanne saa moja asubuhi, Mama Brashi aliingia jikoni kuchemsha maji ya chai akaikuta njia imelala sakafuni, kati ya jiko na kabati la vyombo. Ilikuwa njia ile ile ya watembezi, upana wa watu wawili wanaopatana, majani yaliyokanyagwa katikati na vikokoto pembeni. Ilikuwa imeingilia mlango wa nyuma unaotazama bahari, ikakunja kona kwenye pipa la maji, ikatokea mlango wa mbele kuelekea mashambani. Mama Brashi aliiruka, maana alipiga deki jana yake na hakutaka kusambaza udongo, akawasha jiko.

"Imeingia saa ngapi hii?" alimuuliza binti yake.

"Sijui, mama. Nilipotoka kuoga nilijikwaa kwenye jiwe."

Binti aliitwa Brashi tangu utotoni kwa sababu ya kazi ya baba yake, ambaye kwa miaka kumi na tisa alipaka alama za njano kwenye mawe ya njia, kutoka mashamba ya chini hadi mnara wa taa. Kanuni ya kazi ni moja: ukisimama kwenye alama, lazima uione inayofuata. Miezi mitatu iliyopita Baba Brashi alianguka kutoka juu ya jabali, kopo la rangi mkononi. Wiki iliyofuata kamati ya njia ilimkabidhi binti kopo jipya.

Zamani njia haikupita ukingoni mwa jabali. Ilikatiza malisho ya Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa kamati. Shemeji alichoka na watembezi wasiofunga geti. Siku moja, kabla ya msiba, alichukua ufutio, akaufuta mstari kwenye ramani, akauchora upya vidole viwili pembeni, upande wa bahari. Kwenye ramani vidole viwili si kitu. Huko nje ni hatua mia na themanini, na hatua ya mia na themanini na moja haina pa kukanyaga.

Njia ilihama kama ilivyoagizwa, lakini ilikuwa na woga wa kimo. Ilikuwa njia ya mashambani, imezoea ng'ombe. Upepo ukivuma kutoka baharini ilijivuta ndani shubiri moja, pengine mbili, kisha ikarudi taratibu. Wenyeji wote walilijua hilo, na waliwashauri wageni watembee kwa kuegemea upande wa shamba.

Saa nne wakafika watembezi wa kwanza, mwalimu mstaafu na mkewe, waliokuwa wakitembea kwa ajili ya magoti ya mwalimu. Walifuata alama hadi mlango wa nyuma, wakapangusa viatu.

"Hodi humu. Sisi tunapita tu."

"Hapa hapapitwi hivi hivi, mwalimu. Kaeni mnywe chai, magoti yenyewe yanalia mpaka nayasikia."

Hadi mchana nyumba ilikuwa imejaa. Tangu msiba Mama Brashi hakuwa amepata watu wa kupiga nao soga, na sasa walimiminika wenyewe, na habari zao: nani kaachana na nani, duka gani limebadilisha mizani, daktari gani ana mkono mzito. Mwalimu na mkewe walipenda mahali pale wakapanga chumba cha uani hadi mwisho wa wiki. Mama Brashi alicheka na kila mtu. Lakini jicho lake moja lilibaki sakafuni. Kila upepo ulipovuma, ukingo wa njia ulitetemeka chini ya viti, vikombe vikagongana na visahani. Wageni walishika vikombe vyao wakaendelea kuongea.

Jioni Shemeji alipita kujionea.

"Shemeji, nasikia siku hizi unafuga njia."

"Imejileta. Ungeiacha kwako ilikozoea isingehangaika hivi."

"Kwangu kuna ng'ombe."

"Na huko ulikoipeleka kuna nini?"

Shemeji alisifia chai, akaaga.

Kilichomkosesha Mama Brashi usingizi ni fomu. Karani wa kamati, ambaye hawezi kushikilia siri na kikombe kwa wakati mmoja, alikuwa amemweleza yote. Mkaguzi angekuja Alhamisi kukamilisha ripoti ya kifo. Kwenye fomu kuna visanduku viwili tu: "Alikuwa njiani" na "Aliacha njia." Kikitiwa alama cha kwanza, njia inaondolewa ukingoni siku hiyo hiyo. Kikitiwa cha pili, inabaki ukingoni, na Brashi anaendelea kuipaka huko huko.

"Na mjini wameshaanza kusema aliacha njia," karani aliongeza. "Wanavyolitamka, mama, utadhani alikuwa mlevi."

Alhamisi Mkaguzi aliingilia mlango wa nyuma na futi kamba yake. Alisalimia, akavua kofia. Nyumba ilikuwa imejaa na hakuna aliyejifanya ana shughuli nyingine. Mama Brashi alimpeleka moja kwa moja kwenye kona ya pipa. Pale, kwenye udongo wa njia, kulikuwa na alama ya kiatu cha kulia cha mume wake, na kiraka cha soli alichokishona mwenyewe. Kisigino kilikuwa kizima. Sehemu ya vidole ilikatika kwenye ukingo wa njia kama iliyokatwa kwa kisu.

Mkaguzi alipiga magoti akapima.

"Vidole viko wapi?"

"Havipo. Upepo ulipiga, njia ikashtuka ikajivuta ndani. Mguu wake ukabaki hewani."

Mkaguzi alipima tena, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima homa. Njia ilitetemeka.

"Ni kweli," alisema. "Njia ilimwacha."

"Basi andika hivyo hivyo, baba. Njia ilimwacha. Maneno mawili tu."

Aliyaandika kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri. Kisha Mkaguzi akafungua fomu, akavisoma visanduku vyote viwili.

"Nakubaliana na kila neno, mama. Ila hapa hakuna kisanduku cha hivyo. Njia ilipoondoka, yeye alibaki. Na aliyebaki pasipo na njia, hayuko njiani."

Akatia alama kisanduku cha pili.

Mwalimu mstaafu alisema mahali fulani katika sentensi hiyo mtenda na mtendwa wamebadilishana viti, na kwamba mwanafunzi wake wa darasa la tano angepata sifuri. Mkaguzi alijibu kwa upole kwamba fomu haisahihishwi na walimu. Alikunywa vikombe viwili, akashukuru, akaacha agizo: alama za ukingoni zipakwe upya kesho, na kila mwezi baada ya hapo.

Ijumaa upepo uliamka kabla ya watu. Brashi alibeba kopo.

"Leo usiende, mwanangu."

"Nisipokwenda watapita bila kuona alama, mama. Wageni hawajui pa kukanyaga."

Brashi akatoka, na mama yake akabaki mlangoni akimwangalia anavyopungua. Alipofika jiwe la kwanza, upepo ulivuma, njia ikajikaza ikaanza kuteleza kuelekea ndani ya nyumba. Mama Brashi akaikanyaga kwa miguu yote miwili bila kufikiri. Njia ikatulia.

Kisha akaita, bila kugeuka:

"Mwalimu! Njoo ukae hapa. Chini, kwenye njia. Na mkeo. Karani, acha kikombe, la, njoo nacho."

Wakaja wakaketi. Akawaita na watembezi waliokuwa wakifungua vifurushi vyao uani, na tarishi aliyeleta barua ya jirani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Shemeji aliingia na nakala ya ripoti ya kubandika ubaoni, akakuta jiko zima limekaa sakafuni.

"Shemeji, na wewe keti. Wewe ndiye mzito."

"Nina ng'ombe sijawa—"

"Keti."

Akaketi, ripoti mapajani.

"Ufutio unao?" Mama Brashi alimuuliza.

"Ripoti imeshafungwa, shemeji. Hata mimi siwezi kuifungua."

Upepo ukapiga tena. Njia iliwavuta wote pamoja kidole kimoja, viatu vikakwaruza. Nje, kwenye ukingo, Brashi alipiga magoti akiipa bahari mgongo, akachovya.

"Mama Brashi," mwalimu alinong'ona, "mimi nahitaji kwenda msalani."

"Jikaze, mwalimu. Asiinuke mtu."

Mwalimu alijikaza. Mama Brashi alinyoosha mkono bila kuinua miguu, akachukua birika, akaanza kuwamiminia mmoja mmoja, macho yake kwenye mlango wa nyuma. Ukingoni kulikuwa na mawe arobaini na moja. Brashi alikuwa kwenye la sita.