Mshono wa Siti

Siti alikuwa mashoto, na Kariakoo nzima hapakuwa na mtu aliyeshona mdomo wa gunia kama yeye. Kila pigo la shazia lake, ile sindano kubwa ya magunia, lililalia kushoto. Mzee Kasmir, Mchaga mwenye ghala, alimthamini kwa hilo. Unga wake ulikwenda kwa wapigania uhuru ng'ambo ya Ruvuma, na waliupokea kwa kutazama mshono: ukiwa wa Siti, hakuna mkono mwingine ulioingia. Mwaka ule wa 1971 halikuwa jambo dogo. Wareno walikuwa wameshindwa kuwamaliza wapiganaji porini, sasa waliwinda chakula chao.

Asubuhi ile alikuja kushona, akakuta magunia yote arobaini yamefungwa, yamo ndani ya lori. Akapitisha kidole kwenye mshono. Ulikuwa wake, hata lile fundo la mwisho alilofundishwa na marehemu mama yake. Lakini jana Siti hakutia mguu ghalani. Alishinda mazikoni Buguruni.

"Nani kashona, babu?" Siti alimuuliza mlinzi mzee wa ghala, jina lake Mgeni.

Mzee Mgeni akamkodolea macho. "Unanitania, mwanangu? Si wewe uliyekuja jana magharibi na kanga hiyohiyo? Ukaniamkia, ukaniuliza hali ya goti langu."

Jua lilikuwa limeshakuwa kali, lakini baridi ilimtambaa Siti mgongoni. Gunia moja lilikuwa limevuja. Kunguru wa Kariakoo, wale wanaokula hata sabuni, walikuwa wameuzunguka ule unga chini kwa mbali, kimya, na hakuna aliyesogea.

Dereva alikuwa Abbasi, mumewe. Desturi ya madereva ni kupika ugali njiani kutoka gunia la kwanza la mzigo. Jioni hiyo angelifungua gunia hilo akifika Kibiti.

"Baba Zamda, usiende. Unga huu una kitu."

Abbasi akacheka juu ya usukani. "Kunguru nao siku hizi wanachagua chakula?"

"Bi Siti, mshono ni wako," alisema Kasmir akitoka ghalani, uvumilivu umemwisha. "Lori la juzi liliungua. Watu wana siku tisa hawajala. Nisimamishe mzigo kwa ajili ya ndege?"

Injini ikawaka. Siti aliogopa, aliogopa kweli. Waliomwona mazikoni walikuwa mbali, Buguruni; hapa ghalani ukweli wake haukuwa na shahidi hata mmoja. Uongo ulikuwa na Mgeni, tena na magunia arobaini.

Akaruka mbele ya lori. "Nimeshona mimi! Wareno wamenilipa! Nimetia sumu!"

Injini ikazimwa. Wapagazi wakamkamata mikono, naye hakushindana nao, maana macho yake yalikuwa kwa mumewe. Abbasi alishuka, mzima wa afya, akamsogelea hadi pumzi zao zikakutana. Akamchunguza uso, kanga, ule mkono wa kushoto.

"Wewe si Siti," alisema taratibu. "Siti wangu hawezi kuwatilia watu sumu. Mke wangu mmempeleka wapi?"