Mama Lucky Anakwenda Tarakea

Filemon alitangaza habari za mbio ndefu za mwaka ule mbele ya usharika mzima, Jumapili ya mavuno, mnada wa ndizi na kuku ukiwa umepamba moto nje ya kanisa. Alisema atakimbia kutoka Moshi mjini hadi Tarakea, umbali unaozidi marathoni mbili. Kirua Vunjo nzima ikampigia makofi. Mkewe Winfrida alipiga pia, kwa sababu alimpenda, ingawa alijua ni nani atakayekata majani ya ng'ombe mwenzake akiwa mazoezini.

Mwanzoni alikuwa akimsindikiza. Alibeba maji na ndizi kwenye begi kuukuu la binti yao Lucky, aliyekuwa shule ya bweni, akamfuata Filemon kupandisha na kuteremka. Siku moja, karibu na Mwika, Filemon aliketi kando ya barabara, akahema kama mtu aliyeponea kufa maji. Winfrida akamngoja. Alipochoka kungoja akakimbia mbele kidogo, akaona mwili bado unataka, akaenda mpaka kilima cha pili. Aliporudi hakuwa akihema. Filemon alimtazama miguu, si uso.

"Turudi," alisema. "Kifundo kimeanza kuuma."

Kesho yake alipanda paa la zizi kupigilia bati, akaruka chini kwa mguu uleule.

Winfrida aliona. Angenyamaza kama mchungaji asingeuliza, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama uwanjani.

"Baba Lucky, maandalizi yanaendaje?"

"Mguu, mchungaji. Nimejitoa."

Watu wakampa pole. Winfrida akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Basi nitakwenda mimi."

Wakacheka. Filemon akacheka kuliko wote. "Mama Lucky, utakimbia na ndoo ya maziwa kichwani?"

"Hata nikiwa nayo, sitaketi njiani."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi, na safari hii kilimwangukia Filemon.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na afadhali ungekuwapo. Filemon alikula, akanawa, akalala, bila neno. Asubuhi Winfrida alipokwenda kumwamkia mama mkwe wake, Magdalena, yule mama hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

"Shikamoo, mama."

"Unamvua mwanangu nguo hadharani, halafu unakuja kuniamkia?"

Wiki zikapita hivyo. Winfrida alianza kutafuta namna ya kurudisha maneno yake bila aibu kubwa. Pengine angesema ng'ombe amekaribia kuzaa. Kisha jioni moja, akitoka kukamua, akamsikia Filemon akiongea kwenye simu nyuma ya nyumba. "Yule? Hatafika hata Himo," alisema, akacheka kicheko laini, cha mtu anayeingoja siku kwa hamu.

Asubuhi Winfrida akashuka Moshi kujiandikisha.

"Mama, umewahi kukimbia mbio gani?" akaulizwa mezani.

"Hizi ndizo za kwanza."

Miezi kadhaa baadaye, siku ya mbio, Himo aliipita jua likiwa bado changa. Huko Marangu, rafiki yake Violet alimmwagia maji kichwani huku akipiga vigelegele peke yake. Lakini vilima vya Rombo vilimmaliza. Alitapika. Kucha za vidole vikubwa zilijaa damu ndani ya viatu. Aliingia mji wa Mkuu akitembea, ameshika kiuno, na msimamizi akamzuia barabarani.

"Pole, mama. Muda umekwisha. Wewe mwisho wako ni hapa."

"Niache niende tu. Nitatembea."

"Haiwezekani, mama. Panda gari."

Alipanda, akajifunika uso kwa kanga njia nzima.

Filemon alikuwa akimngoja barabarani, karibu na nyumbani. Alimshika mkono, akamteremsha taratibu, akamwongoza mpaka ndani. Alikuwa amempikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kwa mikono yake, kama alivyofanya Lucky alipozaliwa. Akachemsha maji, akatia chumvi, akapiga magoti na kumwosha miguu. Majirani walijaa ukumbini.

"Mke wangu ni shujaa," Filemon aliwaambia, sauti ikimtoka tamu. "Ila Rombo si ya kuchezea. Mimi nilijua."

"Pole, mwanangu," alisema Magdalena, akamwongezea mtori.

Winfrida alikula. Kwa miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemwita mwanangu, wala mke wangu. Akamtazama Filemon alivyokuwa akimpangusa kati ya vidole, kwa upole wa kweli kabisa, na akaelewa kwamba mumewe ana furaha. Hakuwa akijifanya. Alikuwa amerudi kumpenda, na alichohitaji ili arudi ni mkewe kushindwa. Kucha zilizojaa damu hazikumuuma kama hilo. Alitamani Filemon angemtukana.

Majirani walipotoka, Filemon akatabasamu. "Ulijitahidi. Sasa yamekwisha."

"Mwakani nakwenda tena."

Mikono ya Filemon ikasimama.

"Unasema?"

"Nakwenda tena, Baba Lucky. Na nitafika."

Filemon alikuwa amekwisha kuukausha mguu mmoja. Akaiweka taulo juu ya kigoda, akainuka, akatoka uani bila kufunga mlango. Winfrida alikaa na ule mwingine ndani ya beseni mpaka maji yakapoa, kisha akainama, akiuma meno kwa maumivu, akaukausha mwenyewe.