Jagi la Mama

Tangu wamzike mama yao, mkemia na mdogo wake wa kiume hawasalimiani. Waligombania vyombo vya marehemu, wakatupiana maneno mazito, na jagi la udongo lililopakwa rangi ya kung'aa likaenda kwa mdogo mtu. Mkemia akabaki na maabara yake, na nyumba isiyo na wa kumwambia "pole na kazi."

Asubuhi moja wifi yake, mke wa mdogo wake, akaingia maabarani, mkononi kitambaa kilichofungwa fundo.

"Wifi, hivi ni vipande vya rangi, nimevibandua kwenye jagi. Mtoto tumbo linamnyonga, amepauka, na daktari hajaona kitu. Juisi yake ya limau inalala humo kila siku. Mdogo wako hajui kama nimekuja."

Mkemia akavipokea. Alivisaga, akavichemsha katika asidi, kisha akadondosha tone karibu na ncha ya chini ya kipande cha karatasi. Kando yake akadondosha maji yenye madini ya risasi, ya kulinganishia. Akaisimamisha karatasi ndani ya gilasi yenye kimiminika kidogo, akafunika. Kimiminika kikapanda taratibu kikizibeba metali, kila moja kwa mwendo wake. Bila kutenganishwa hivyo, chuma na shaba zilizomo kwenye rangi zingegeuza kila kitu kahawia wakati wa kupima, na risasi isingeonekana. Akakaa kuitazama. Hakuwa na mahali pa kuwahi.

Alipoikausha na kuipulizia dawa inayogeuza risasi kuwa manjano, madoa mawili ya manjano yalijitokeza, yakiwa kwenye kimo kimoja: la maji yake ya risasi, na la jagi.

Akampigia mdogo wake.

"Jagi lina risasi, ni sumu. Mtoto apimwe damu leo."

"Hata jagi, dada? Bado roho inakuuma?"

"Livunje, tulikose wote. Ila mpeleke mtoto."

Simu ikakatika.

Lakini alimpeleka. Damu ikakutwa na risasi, mtoto akalazwa, akaanza dawa. Siku chache baadaye wifi akapiga kutoka wodini, kisha akampa mumewe simu.

"Leo amekula," mdogo wake akasema.

"Afadhali."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mkemia akaiweka simu mezani, akaanza kuosha gilasi moja moja, huku redio ya jirani ikiimba ng'ambo ya ukuta.