Kibati Kisicho na Matundu

Mvumilivu hula mbovu. Wanaosema mbivu hawajawahi kushabikia Siafu. Mimi nimevumilia misimu kumi na tisa, tangu baba aliponibeba mabegani kwenda uwanjani nikiwa na miaka minne, na muda wote huo nimekula sare, nimekula penalti za dakika za nyongeza, nimekula na masimango ya mtaa mzima hadi nikashiba. Kombe la ubingwa hatujawahi kulibeba. Hata kuligusa.

Basi sikia: leo saa kumi jioni tunacheza fainali na Tausi, na hadi jana asubuhi kombe lenyewe lilikuwa mezani kwangu.

Lilikaa kati ya redio na mkebe wa dawa ya kung'arishia, limejifunga taulo kama bibi harusi aliyetoka kuoga. Nafanya kazi kwa Mama mdogo, mwenye duka la kuchonga mihuri, vibao vya majina ya milangoni na vikombe vya mashindano ya shule. Mwaka huu chama cha soka kilimpa kazi ya kuling'arisha kombe na kutengeneza vibati viwili vya shaba, kimoja SIAFU MABINGWA, kingine TAUSI MABINGWA. Ndivyo inavyofanyika. Filimbi ya mwisho ikilia hakuna muda wa kuchonga. Kibati cha mshindi kinafungwa kwenye kitako cha kombe kwa skrubu mbili, cha aliyeshindwa kinarudi mfukoni na hakisemwi tena.

Na mfunga skrubu, jamani, hukaa uwanjani kabisa, kando ya mstari wa chaki, kombe mapajani, tangu mpira unaanza hadi unaisha. Mama mdogo alikuwa ameniahidi nafasi hiyo.

"Ila kwa sharti moja," alisema. "Vibati viwe pacha. Nisione umekipamba kimoja, kingine umekichuna kama mbuzi."

"Mama mdogo, mimi fundi."

"Wewe shabiki. Ufundi bado nakufundisha."

Yeye hana timu. Anashabikia mistari iliyonyooka.

Jana asubuhi habari ilikuwa imeshavuja. Kinyozi wa duka la jirani, Siafu wa kufa na kuzikana, alimwacha mteja na povu kidevuni, akaja dirishani kwetu na wembe mkononi.

"Dada, niguse sikio lake moja tu."

"Toka! Kuligusa kabla ya ushindi ni nuksi."

"Basi ligeuze linione."

Nikaligeuza. Akajitazama katika fedha ile, uso mpana kama sinia, akaanza kucheka peke yake. "Unajua sikulala? Kila nikifumba macho, namba tisa anafunga. Nimepiga ukuta teke hadi kidole kimevimba."

"Mimi nimefunga kwa kichwa. Nimegonga kitanda."

"We kinyozi!" mteja wake alipiga kelele kutoka kule. "Ninyoe, au niletee huo wembe nijimalizie!"

Kibati cha Siafu nilikichonga nikiimba. Kisha nikakibana cha Tausi kwenye jiliwa na kushika kalamu ya chuma. Nilikusudia ubaya, sitaki kudanganya. Lakini mkono uliozoea kazi hauna roho mbaya. Herufi zilitoka safi, T imesimama wima kama askari. Nikaviweka bega kwa bega: pacha kabisa. Likabaki jambo moja, kutoboa matundu ya skrubu, mawili kila kibati. Nikatoboa cha Siafu. Nikaishusha keekee juu ya kibati cha Tausi, na hapo nikakwama.

Kwani kibati bila matundu ni nini? Ni maneno tu, na maneno kila mtu anayo. Ila ukishatoboa, umekubali kwamba skrubu zinaweza kupita hapo, kwamba Tausi wanaweza kulinyanyua, na kwamba aliyewafungulia njia ni wewe. Miaka kumi na tisa, halafu niwatobolee! Nikaitundika keekee ukutani. Nikakifunga kibati katika karatasi laini, nikaomba Mungu Mama mdogo asikague.

Ni sawa na kuomba jogoo asiwike.

Saa nne akaja karani wa chama cha soka kuchukua mzigo. Suti ya kijivu, heshima tele, ila alipoketi suruali ilipanda nikaona soksi: buluu na kijani, rangi za Tausi. Mama mdogo akabana skrubu nne midomoni, kama kawaida yake, akafungua karatasi. Kibati cha Siafu akakijaribu: skrubu ya kwanza, ya pili, sawa. Cha Tausi akakigeuza. Akakigeuza tena. Akazitema skrubu kiganjani, moja moja, nikajua kumekucha, maana akiwa na skrubu mdomoni hana ugomvi na mtu.

"Matundu yako wapi?"

"Sijatoboa."

"Umesahau?"

Hapo alikuwa ananinusuru. Ningeitikia tu, yakaisha.

"Sijasahau. Hawatayahitaji."

Karani akakohoa. "Binti, mpira unadunda."

"Unadunda, mzee wangu, ila kesho unadundia kwetu. Na hizo soksi zifiche, chama hakina timu."

Dirishani kinyozi alicheka hadi akashika ukuta. Mama mdogo hakucheka. Aliichukua keekee, akatoboa matundu mawili kwa muda wa kufumba na kufumbua, akapuliza unga wa shaba, akakirudisha kibati katika karatasi yake. Kisha akanigeukia.

"Sasa mwombe karani radhi, kwa kazi na kwa soksi. Ukiomba, kesho unakwenda uwanjani na bisibisi. Usipoomba, nakwenda mimi."

"Mimi sina kinyongo," karani alisema, akivuta suruali ishuke. "Neno moja tu, binti."

Neno moja! Na ng'ambo yake majani mabichi, kombe mapajani, namba tisa akipita karibu hadi nisikie anavyohema. Nilijaribu, Mungu shahidi. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni kicheko, tena cha mtu asiyelala siku tatu, na kila nilipokizuia kilitokea puani.

"Siombi," nikasema nilipopata pumzi.

"Hata kwa uwanja?" Mama mdogo aliuliza polepole.

"Hata kwa uwanja."

Akaitia bisibisi mkobani mwake.

Kwa hiyo leo Mama mdogo, ambaye hajui kuotea ni nini, ndiye atakayekaa kando ya chaki. Mimi nitakuwa juu kabisa, jukwaa la jua, pamoja na kinyozi, uso nimeshaupaka nusu mwekundu nusu mweusi, rangi za Siafu, na sauti imeanza kukatika hata kabla ya chai. Tutafunga mapema. Kisha tutafunga tena, ili moyo utulie, halafu la tatu la kujifurahisha tu.

Asubuhi hii, akitafuta viatu vya kutembelea kwenye majani, Mama mdogo ameniuliza kama nimebadili mawazo; karani bado yuko tayari kunisikiliza. Nimemwambia azikaze skrubu vizuri, maana tutalitikisa hilo kombe. Na radhi siombi. Si kwake, si kwa karani, si kwa Tausi wote na manyoya yao.