Mizani ya Tisa

Fundi seremala alimwacha kaka yake nje ya wimbo wa kumzika baba yao, kisa mizani moja.

Kwaya yao ilikuwa na desturi. Marehemu husindikizwa kwa maneno mapya juu ya tuni ya zamani, kila mtoto wake akitajwa kwenye mshororo wake, na tuni ile hubeba mizani nane tu. Mtungaji alikuwa fundi. Alihesabu kwa kugonga vidole mezani, silabi moja kidole kimoja, vidole gumba havimo. Dada zake wawili walikaa sawasawa. Jina la kaka, muuza nyama, liligoma. Kila alivyoligeuza, silabi ya tisa ilikosa kidole. Mwishowe akachoka, akaandika: *Na wengine wa nyumbani.* Nane kamili. Akapeleka karatasi kwa wanakwaya, akarudi kumalizia jeneza.

Asubuhi ya mazishi kaka aliingia karakana na aproni yake ya buchani, karatasi mkononi.

"Mimi kifungua mimba ndiye wengine?"

Fundi, macho kwenye randa, alimjibu kwamba jina lake refu kama treni, akamlaumu aliyempa.

Aliyempa alikuwa anasubiri hilo jeneza. Kaka akampiga kichwa cha pua. Damu ikatapakaa kwenye mbao alizotoka kuzipiga msasa. Fundi akapapasa, akapata nyundo, akamtandika nayo kwenye taya. Ikalia kama ubao unaopasuka, meno yakadondoka kwenye maranda.

Kaka aliyumba tu. Mtu aliyezoea kuangusha ng'ombe haanguki upesi. Akaunasa mkono wa kushoto wa mdogo wake, akaulaza juu ya meza, akaukalia kwa goti. Akaokota patasi.

"Hesabu jina langu," alisema, maneno yakitoka na mate mekundu.

Fundi akamwomba, akamwita kaka, akamwita baba. Goti likazidi kukandamiza. Akataja silabi ya kwanza, akainua kidole cha mwisho. Patasi ikashuka. Akataja ya pili akilia. Ikashuka tena.

Mama yao alikuwa amefika mlangoni, kuuliza kama jeneza limekwisha. Aliona vidole kwenye maranda. Hakupiga kelele. Aliuimba mshororo, na jina la mwanawe ndani yake, silabi mbili akizipitisha kwenye noti moja, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. Likaenea.

"Lilikuwa linatosha," alisema. "Ulishindwa nini kuja kuniuliza?"

Fundi: vidole viwili, na pua iliyokaa upande. Kaka: meno manne, taya lililofungwa waya wiki sita, na miaka mitatu jela. Mama: mume mmoja, aliyezikwa saa kumi jioni kwenye jeneza lisilo na mfuniko, bila wimbo, na wana wawili ambao hawakuwepo.